Somo kwa Redio: Karatasi ya Kigiriki na Mfasiri wa Kuaminiwa

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno mawili: mkalimani, mfasiri.

Mkalimani hugeuza maneno ya mdomo. Mfasiri hugeuza maandishi. Ukalimani ni kazi ya zamani hapa Tabora. Mwaka 1857 Burton na Speke walifika Kazeh na msafara wao. Speke hakujua Kiswahili. Alisema Kihindi na Sidi Mubarak Bombay, naye Bombay akawaeleza wengine kwa Kiswahili. Maneno yale yalipita na upepo. Lakini karatasi hubaki, na ikifasiriwa vibaya, kosa nalo hubaki.

Leo tutasema habari za karatasi za Kigiriki. Mtauliza: sisi na Wagiriki wapi na wapi? Wagiriki walikuwa miongoni mwa makandarasi wa reli ya kati wakati wa Wajerumani. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912. Baadaye Wagiriki wengi walilima mkonge na kahawa katika nchi hii, na wajukuu wa watu kama hao huhitaji vyeti vya mababu zao. Tena wako Watanzania wanaokaa Athens. Huko hufanya kazi, huoa na huzaa. Cheti cha Kigiriki kikiletwa kutumika hapa, au cheti chetu kikipelekwa kule, hutakiwa kufasiriwa.

Sasa sikilizeni. Ninyi mmekwisha jifunza kusoma, lakini herufi za Kigiriki zitawadanganya. Mwalimu, andika P. Mgiriki huisoma "r". Andika H. Yeye huisoma "i". Andika B. Huisoma "v". Basi usibahatishe.

Hata jina lako laweza kupotea. Chukueni jina la Shija, mtoto afuatiaye mapacha. Kigiriki hakina sauti ya "sh", wala "j" kama yetu. Karani wa Athens ataliandika kwa herufi zake. Mfasiri asiye mwangalifu akilirudisha kwa herufi zetu, litatoka Sitza. Cheti kinasema Sitza, pasipoti inasema Shija. Nani atasadiki kuwa ni mtu mmoja? Kwa kosa hilo mjane aweza kucheleweshewa urithi, na mtoto aweza kusumbuliwa juu ya uraia wake. Dawa yake ni ndogo: mpe mfasiri nakala ya pasipoti, aliandike jina kama lilivyo humo.

Tarehe nazo zina mtego. Mpaka mwaka 1923 Ugiriki ilifuata kalenda ya zamani, iliyokuwa nyuma siku 13. Karatasi yao ya tarehe 1 Januari 1912, kwetu ni 14 Januari. Mfasiri mwema haisahihishi kimya kimya. Huiandika kama ilivyo, kisha huongeza maelezo. Tena, kabla ya mwaka 1976 serikali yao iliandika Kigiriki cha kiofisi, kilicho mbali na lugha ya nyumbani. Kwa hiyo kusema Kigiriki tu hakutoshi.

Tafsiri iliyothibitishwa ni nini? Ni ile ambayo mfasiri ameandika jina lake, ametia saini na mhuri, akikiri kwamba inalingana na karatasi ya asili. Yeye ni kama shahidi barazani: ataulizwa. Huko Ugiriki, tangu Septemba 2021, kazi hii hufanywa na wafasiri walioandikishwa na serikali. Hapa kwetu BAKITA, iliyoundwa mwaka 1967, hufasiri na kuthibitisha tafsiri. Lakini kumbukeni: mhuri wa mfasiri haugeuzi cheti cha uongo kuwa cha kweli.

Fuateni hatua hizi:

1. Pata cheti halali. Cha kuzaliwa hutolewa na RITA.
2. Uliza ofisi itakayokipokea: yataka lugha gani, na yakubali mfasiri yupi?
3. Mihuri inayotakiwa ipigwe kwanza, ili nayo ifasiriwe.
4. Kagua majina, tarehe na namba kabla ya kulipa.

Na ushirika ukiuza asali au tumbaku kwa mgeni, yafaa mkataba useme ni lugha ipi itakayofuatwa zikitofautiana. Mwaka 1884 Karl Peters alipita Usagara, Useguha, Nguru na Ukami. Watawala walitia alama katika mikataba ya Kijerumani wasiyoweza kuisoma. Kwa karatasi hizo Wajerumani walidai nchi. Usitie saini usichokifahamu!

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Mkalimani na mfasiri hutofautianaje?
2. Kwa nini Shija aligeuka Sitza?
3. Mihuri hupigwa kabla ya kufasiri, au baada yake? Kwa nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.