Kesi ya Chebeya: nyota za begani zinapomchagua jaji

Tarehe 1 mwezi wa sita 2010, Floribert Chebeya, kiongozi wa shirika la kutetea haki za binadamu La Voix des Sans Voix, alikwenda kwenye ofisi kuu ya polisi mjini Kinshasa. Alikuwa na miadi na mkuu wa polisi wa wakati ule, Jenerali John Numbi. Kesho yake maiti yake ilikutwa ndani ya gari lake katika komine ya Mont-Ngafula. Dereva wake, Fidèle Bazana, hakuonekana tena.

Numbi alisimamishwa kazi. Lakini kesi ilipofunguliwa mbele ya korti ya kijeshi, walioshitakiwa walikuwa maofisa wa chini yake, akiwemo Kolonel Daniel Mukalay. Jenerali mwenyewe alifika mwanzoni mwa 2011 kama shahidi, akajibu maswali, akarudi nyumbani.

Mashirika ya haki za binadamu yalitaja sababu za siasa. Moja, hata hivyo, imeandikwa katika sheria yenyewe. Sheria ya 2002 juu ya korti za kijeshi, ambazo ndizo zinahukumu pia polisi, inadai jaji awe na cheo sawa na cha mshitakiwa au kinachokipita. Nia inaeleweka: mdogo asimhukumu mkubwa ambaye kesho anaweza kumpa amri. Ila matokeo yake ni kwamba kadiri mtu anavyopanda vyeo, ndivyo majaji wanaoweza kumhukumu wanavyopungua. Kanuni iliyotungwa ili jaji asiogope imegeuka kuwa ngao ya anayeogopwa.

Wakaaji wa Kivu wanaijua tofauti hiyo. Katika mwezi wa pili 2011, huko Baraka, korti ya kijeshi ilimpa Luteni-Kolonel Kibibi Mutware kifungo cha miaka 20 kwa ubakaji uliofanyika Fizi siku ya mwaka mpya. Wa kumhukumu mtu wa cheo chake walipatikana, tena haraka.

Kuna njia ya kumkataa jaji, na avoka wanaitumia. Sheria ya mwezi wa nne 2013 juu ya korti za kawaida inataja sababu: jaji au mwenzi wake ana faida katika kesi, ana undugu na mmoja wa wahusika, ni rafiki au adui yake, amekwisha kutoa maoni yake, au aliwahi kuwa shahidi katika kesi hiyo hiyo. Sababu zote hizo zinamhusu aliyeketi kwenye kiti cha jaji. Kwa familia inayolia kwamba mtu fulani hakushitakiwa kabisa, hazisaidii kitu.

Mukalay alihukumiwa kifo katika 2011. Katika 2015, Korti Kuu ya Kijeshi iliishusha hukumu hiyo hadi miaka 15. Kesi ilifunguliwa upya katika 2021, baada ya kukamatwa kwa maofisa wawili waliokuwa wametoroka, na tarehe 11 mwezi wa tano 2022 Christian Ngoy Kenga Kenga alihukumiwa kifo, Jacques Mugabo miaka 12.

Numbi, ambaye amekana kuhusika, hakuwa kati ya washitakiwa. Alikuwa amekwisha kutoka nchini tangu 2021.