Fumbo la Jabali: Wakwezi wa Mawe na Adabu ya Kugawana Njia



Wiki hii tunawaletea, ndugu zetu wasomaji na hasa mama zetu na dada zetu, habari za mchezo ambao wengi wetu hapa Jomvu Kuu hatujauzoea kwa jina, ingawa asili yake tumeijua tangu utotoni. Mchezo wenyewe ni kukwea. Ni nadra kumpata mtoto aliyelelewa katika minazi na miembe ya upande wetu huu asikwee mti, na ni nadra zaidi kumpata mama ambaye hakuwahi kusimama chini ya mwembe, mkono kifuani, akimsihi mwanawe ashuke polepole.

Wako watu ambao badala ya miti hukwea mawe. Tusiwachanganye na wale waendao Mlima Kenya kwa siku nyingi, na kamba na mahema. Hawa tunaowakusudia hulitafuta jabali moja lililosimama peke yake, kimo chake mita tatu au nne, pengine tano, wakalizunguka na kulitazama, kisha wakaulizana: ni nani awezaye kufika juu kwa upande huu, akianzia chini kabisa, kwa kushika hapa na kukanyaga pale? Kamba hawaitumii. Vifaa vyao ni viatu vya kubana vyenye soli ya mpira, mfuko wa chaki ya kukausha jasho la viganja, na godoro nene la kuangukia linalotandikwa chini.

Swali hilo ambalo jabali humwuliza mtu, wakwezi wa Ulaya na Marekani huliita kwa neno lenye maana ya tatizo, au mas'ala kama yale ya hesabu. Sisi watu wa pwani tunalo neno linalofaa zaidi, nalo ni fumbo.

Fumbo hutolewa mbele za watu

Fumbo lina adabu zake, na wazee wetu walizijua barazani. Mwenye fumbo halifungii sandukuni. Hulitoa mbele za watu, akafurahi likiwashinda, akafurahi zaidi likipata mwenye kulifumbua. Wakwezi wa mawe nao ndivyo walivyo. Mtu akilikwea jabali kwa njia ambayo hapana aliyeipita kabla yake, hulipa fumbo hilo jina, akaukadiria ugumu wake, kisha akawaeleza wenzake lilipo. Wakikutana, swali wasilochoka kuulizana ni hili: lipi ulipendalo? Hapo kila mmoja husifu jiwe lake. Huyu atasifu ukingo unaoshikwa kwa ncha za vidole, yule ufa unaomeza kiganja kizima, na mwingine ubapa usio na kishikio hata kimoja, ambao hukwewa kwa kuziamini nyayo tu. Aghalabu jiwe linalosifiwa silo gumu kuliko yote. Ni lile lililomrudisha mtu chini mara ishirini, na mara ya ishirini na moja akatambua kwamba mguu wake wa kushoto ulikuwa mahali pasipo pake.

Mfano wa ukarimu huo ni msitu wa Fontainebleau, kusini mwa Paris, Ufaransa. Humo mna majabali mengi mno ya mawe ya mchanga, na kwa miongo mingi sasa wakwezi wameyatia alama ndogo za rangi na nambari, ili mgeni afuate njia kutoka jiwe hadi jiwe. Ziko njia za watoto, na ziko za mabingwa. Ndipo Pierre Allain alipofanyia mazoezi yake, yeye aliyebuni katika miaka ya 1930 kiatu cha soli laini ya mpira ambacho ndicho babu wa viatu vyote vya mchezo huu. Marekani nako, katika miaka ya 1950, kijana mmoja mwanahesabu aitwaye John Gill aliichukua chaki inayotumiwa na wanasarakasi wa viwanjani, akaipaka viganjani mwake na kuanza kukwea mawe. Baadaye alikuwa profesa wa hesabu, na si ajabu kwamba mtu wa namna hiyo aliliona jiwe kuwa mas'ala ya kutatuliwa.

Hata mafumbo magumu kabisa hayafichwi. Mwaka 2016, Nalle Hukkataival wa Finland alilimaliza fumbo la jabali moja nchini mwake baada ya kulijaribu kwa miaka, akaliita kwa jina lenye maana ya Mzigo wa Ndoto. Wakati ule halikuwapo duniani fumbo lililokadiriwa kuwa gumu zaidi. Lilikaa mpaka mwaka 2023 ndipo Mskoti mmoja, Will Bosi, alipolirudia. Kabla hajasafiri alikuwa amekwisha kujizoeza nyumbani juu ya vishikio vya bandia vilivyofinyangwa kwa vipimo vya jiwe lenyewe. Mwenye fumbo hakupungukiwa na kitu kwa kuwa mwingine amelifumbua.

Hapa nchini kwetu

Msomaji atauliza: je, Kenya mambo haya yapo? Yapo, tena tangu zamani. Wasafiri wa barabara ya Mombasa wanapobakiza kiasi cha kilomita arubaini kuingia Nairobi huupita mlima wa Lukenya, wenye mawe magumu ya kale. Chama cha wapanda milima cha Kenya, kilichoundwa mwaka 1949, kimekuwa kikiwafundishia watu huko kwa miaka mingi, juu ya genge kwa kamba na juu ya majabali ya chini bila kamba. Karibu na Naivasha iko mbuga ya Hell's Gate, iliyotangazwa mwaka 1984, yenye nguzo ya jiwe ya mita 25 iitwayo Fischer's Tower. Wageni huikwea kwa kamba na mwalimu. Katika magenge ya mbuga hiyo tai hujenga viota vyao, na mkwezi mwenye adabu hujiepusha na genge lenye kiota hata kama ndilo zuri kuliko yote.

Wala watu wa pwani si wageni wa jambo hili. Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian cha Mlima Kenya, Septemba 13, 1899, msafara uliomfikisha mlimani ulikuwa na Waswahili 66, wachukuzi waliobeba vyakula na mahema. Kilele kilihesabiwa kwa jina lake na la wenziwe wawili kutoka Ulaya. Majina ya wale 66 ni wachache wanaoyataja. Tunalisema hili ili watoto wetu wasidhani kwamba jiwe na mlima ni mambo ya watu wengine.

Na katika mlima huo huo kuna ukarimu mwingine wa kukumbukwa. Mwaka 1970 mkwezi aitwaye Ian Howell aliukwea Nelion, kilele cha pili kwa urefu, mara 13 peke yake, akipandisha vipande vya mabati na mbao, mpaka akakisimamisha kibanda kidogo huko juu. Kila mkwezi aliyekutwa na usiku kileleni tangu hapo amefaidika na taabu ya mtu mmoja.

Kinachofichwa na kisichofichwa

Sasa tufike penye kiini cha makala yetu. Katika mchezo huu kila anguko hufika ardhini, kwa sababu hapana kamba ya kumzuia mtu. Jiwe la mita nne laweza kuvunja kifundo cha mguu au mkono, na mtu akianguka vibaya laweza kumdhuru shingo. Kwa hiyo jambo la kwanza afundishwalo mwanafunzi ni kuanguka: apige chini kwa miguu yote miwili, magoti yamelegea, kisha ajiachilie aketi na kubingirika kwa mgongo, mikono ameikunja kifuani, asiinyooshe nyuma kujizuia. Jambo la pili ni ulinzi. Mwenziwe husimama chini ameinua mikono, wala si kwa kumdaka, maana hawezi. Kazi yake ni kumwelekeza aangukie godoroni na kukikinga kichwa na mgongo wake.

Hapo ndipo tunapoiona tofauti ambayo wazazi wote wafaa kuizingatia. Mkwezi mwema aweza kuuficha ufumbuzi. Mgeni akimwuliza, atajibu kwa tabasamu, "Jaribu kwanza mwenyewe," na hilo si uchoyo, kwa kuwa akimwambia kila kitu amemnyang'anya furaha ya kufumbua. Lakini hatari haifichi kamwe. Kishikio kilichoanza kulegea, jiwe lililozama majanini hapo mtu atakapoangukia, ubapa unaoteleza baada ya mvua, yote hayo huyasema kabla hajaulizwa. Mwenye kuificha hatari ameikhini amana, hata kama ni hodari kuliko wote.

Wakwezi wetu wa minazi waliijua kanuni hii bila kuandikiwa. Mzee anayemfundisha kijana hamwelezi kila atakapokanyaga. Humwacha autafute mwendo wake. Lakini humwonyesha vidato vilivyooza, humtajia mnazi wenye shina lililoliwa na wadudu, na humzuia asikwee mti uliorowa. Mama wa nyumbani naye ana fumbo la kila siku: lipi amwachie mwanawe alitatue mwenyewe, na lipi amwambie mapema. Anayemfumbulia mtoto kila fumbo humlea dhaifu. Anayemnyamazia juu ya hatari humweka katika madhara.

Mabinti zetu

Tumekuwa tukiulizwa kama mchezo wa namna hii wamfaa binti. Mfano ulio karibu na nyoyo zetu watoka Indonesia. Mnamo Oktoba 2019, huko Xiamen nchini China, Aries Susanti Rahayu, akiwa amevaa hijabu yake, alikwea ukuta wa mita 15 kwa sekunde 6.995. Hapana mwanamke aliyewahi kabla yake kuupanda chini ya sekunde saba. Ule ni mchezo wa kasi, ambao hutumia kamba na ukuta wa kutengenezwa, lakini ni tawi la mti huu huu. Mwaka 2024, katika Olimpiki ya Paris, mwenziwe Rajiah Sallsabillah, naye mwenye hijabu, alichukua nafasi ya nne katika mashindano hayo ya kasi.

Kwa hiyo vazi la sitara si kizuizi, bora lisiwe na mikunjo ya kunasa miguuni, na hijabu ifungwe bila pini kali. La kuangaliwa zaidi ni ule ulinzi tuliousema. Mlinzi hana budi kumgusa mkwezi mgongoni na mabegani anapoanguka. Basi binti alindwe na wanawake wenziwe au na maharimu wake, na jambo hilo lipangwe kabla ya kutoka nyumbani, lisiachwe mpaka watu wafike penye jiwe.

Mawe ya kuachwa

Vijana wakiyasoma haya huenda wakatafuta jiwe lililo karibu, nasi hatutawanyamazia hatari. Kuta za machimbo si za kukwea. Mawe bapa ya Mazeras tunayoyatandika mabarazani hutoka ardhini kwa tabaka, na ukuta uliokatwa hubaki na vipande vilivyolegea. Matumbawe ya ufuoni nayo hukata kama wembe na kumeguka ghafla. Na mawe ya chokaa yaliyo ndani ya makaya ya jirani zetu Wamijikenda, kama Kaya Kambe, si uwanja wa mchezo: wenyewe wanayaheshimu, makaya hayo yaliingizwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2008, na katika mawe ya chokaa ya upande huo huota ua dogo adimu la rangi ya zambarau ambalo nyayo moja yatosha kuling'oa.

Mzazi ambaye mwanawe amealikwa na shule au rafiki kwenda Lukenya au Naivasha, na asikimbilie kusema hapana. Aulize mambo manne. Ni nani mwalimu, na amefundisha kwa muda gani? Je, watoto hufundishwa kuanguka kabla ya kufundishwa kukwea? Magodoro na kofia ngumu zipo za kutosha? Na binti yetu atalindwa na nani? Akijibiwa vema, amwombee mwanawe dua na amruhusu. Akijibiwa kwa kusitasita, amekwisha kupata jibu.

Wabillahi tawfiq.