Kucheua Neno

Mtazame ng'ombe malishoni asubuhi. Hula upesi upesi; huvuta majani kwa ulimi na kuyameza kabla hajayatafuna vema. Lakini jua likipanda na joto likizidi, hutafuta kivuli akalala, na hapo ndipo kazi yake ya pili huanza. Chakula kile alichokimeza hurudi kinywani tonge kwa tonge, naye hukitafuna tena polepole, hali macho yamelegea. Huko ndiko kucheua. Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne, naye huweza kutumia kama saa 8 za mchana na usiku kwa kazi hiyo tu. Ng'ombe aachaye kucheua, mchungaji humshuku mara moja kuwa ni mgonjwa, hata kama tumbo lake limejaa.

Wakristo wa kale walipotaka kueleza maana ya kutafakari Maandiko, walipenda sana mfano wa mnyama huyu. Kusoma ni kama kula, na kutafakari ni kama kucheua. Wanafunzi wengi hudhani ya kuwa kutafakari ni kufumba macho na kukaa kimya, au kwamba ni kazi ya mapadre na wazee wasio na shughuli nyingine. Sivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Waebrania walikuwa na neno lao la jambo hili, nalo si neno la kimya hata kidogo. Ni neno haga. Nabii Isaya alilitumia kwa sauti ya simba aungurumaye juu ya mawindo yake, akalitumia tena kwa sauti ya hua aliaye. Neno hilo hilo ndilo lililomo katika Zaburi ya kwanza, mahali panaposifiwa mtu atafakariye sheria ya Mungu usiku na mchana. Basi mtu huyo midomo yake ilikuwa ikitikisika. Alikuwa akinong'ona, akirudia, akijisemea. Na Mungu alipomwagiza Yoshua habari za torati, alitaja kinywa, hakutaja macho.

Tena siku zile watu walizoea kusoma kwa sauti, hata mtu akiwa peke yake. Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo huitwa Algeria, asimulia jinsi alivyostaajabu kumwona Ambrosio, askofu wa Milan, akisoma kitabu bila kutoa sauti yo yote.

Afrika yetu ina sehemu kubwa katika habari hizi. Huko Misri aliishi Antonio, kijana aliyeachiwa mashamba na wazazi wake waliokufa. Siku moja, akiwa kanisani, alisikia ikisomwa Injili ya yule tajiri aliyeambiwa auze mali zake awape maskini. Watu wengine waliisikia Injili ile ile siku ile ile, wakaenda nyumbani kula. Antonio hakuweza kuiacha kanisani. Ilimfuata, naye akatoa mashamba yake. Atanasio, askofu wa Iskanderia, aliyeandika maisha yake, asema kwamba Antonio hakuwa mtu wa vyuo, lakini alisikiliza Maandiko kwa bidii hata moyo wake ukawa badala ya vitabu.

Baada yake, katika karne ya 4, Pakomio alikusanya watawa wengi kandokando ya mto Nili. Aliyekuja kwao hali hajui kusoma, alifundishwa, na kila mtu alipaswa kujua kwa moyo Zaburi na Agano Jipya. Wala hawakuwa watu wavivu. Watawa wa Misri walisuka kamba na vikapu kwa majani ya mitende, kama vile mama zetu wa pwani wasukavyo ukili, na mikono ilipokuwa ikisuka, midomo ilikuwa ikicheua zaburi. Mimi naona jambo hili ni la kutiwa moyo sana kwetu, kwa maana kazi ya mikono haikuwazuia, iliwasaidia.

Lakini kujua kwa moyo bado si kutafakari. Kasuku naye hujua. Nimepata kuwasikia wanafunzi wakisema sura nzima mbele ya wageni bila kukosa neno, wakapigiwa makofi, na jioni ile ile wakagombania mpira hata damu ikatoka. Chakula kilikuwa kimeingia, lakini hakikurudi kutafunwa.

Tuchukue mfano wa mtumwa asiyesamehe, katika Injili ya Mathayo, sura ya 18. Kila mmoja wenu aujua. Mfalme alimsamehe mtumwa wake deni la talanta 10,000, naye mtumwa akatoka akamkaba koo mjoli wake kwa ajili ya dinari 100. Asomaye mara moja husema, “Mtu mbaya huyu,” akafunga kitabu. Acheuaye huuliza: je, talanta ni kiasi gani? Dinari 1 ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku 1. Talanta 1 ilikuwa kama dinari 6,000. Mtu akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, talanta moja ni ujira wa miaka 20; basi talanta 10,000 ni ujira wa miaka 200,000. Na mtumwa yule alikuwa ameomba avumiliwe kidogo, ati atalipa yote!

Sasa itazame dinari 100. Ni ujira wa siku 100, miezi mitatu na zaidi. Si kitu kidogo kwa maskini. Mimi nilikuwa nimeisoma habari hii miaka mingi kabla hata hilo halijanijia. Bwana Yesu hakusema kwamba mjoli hakuwa na deni, wala kwamba aliyekopesha hakupata hasara. Aliyekuchukulia jembe lako akalivunja, amelivunja kweli. Aliyekusingizia mbele ya mwalimu hata ukaadhibiwa, amekuumiza kweli. Hesabu ya mfano huu haifuti maumivu yako. Huyaweka kando ya hesabu nyingine. Mwanafunzi aliyeitafuna hesabu hiyo njiani akienda kuteka maji, huenda akaikumbuka mkono wake utakapokuwa tayari umeshika shati la mwenzake. Wakati huo hakuna nafasi ya kwenda kutafuta kitabu.

Basi chagua maneno machache asubuhi, mstari mmoja watosha. Yaseme kwa midomo mpaka uyajue. Nenda nayo shambani, kisimani, jikoni kwa mama. Yaulize maswali: ni nani asemaye, na asema na nani, mbona neno hili na si lile, tena, ningalikuwa mimi, ningalifanyaje? Jioni yarudie mbele ya Mungu, umwambie uliyoyaona. Vitabu vya shule hurudishwa kabatini mwisho wa mwaka, na wengine wenu mtakwenda kukaa mahali ambapo vitabu ni vichache.

Yatakuwapo maneno usiyoyaelewa, hata ukiyatafuna siku nyingi. Usiyatupe, wala usijitungie maana. Yule mkuu wa Kushi, mtunza hazina wa malkia Kandake, alikuwa akirudi kwao kutoka Yerusalemu kwa njia ya Gaza. Nchi yake ilikuwa ng'ambo ya Misri, katika Sudan ya leo. Alikuwa ndani ya gari lake akisoma kitabu cha Isaya kwa sauti, ndiyo sababu Filipo, aliyekuwa akienda kwa miguu, aliweza kumsikia. Filipo akamwuliza kama aelewa. Mkuu yule, pamoja na heshima yake yote na hazina aliyoitunza, hakuona haya. Alijibu kwamba hawezi bila mtu wa kumwongoza, akamsihi apande. Basi wakaketi wawili garini, kitabu kikiwa katikati yao, na safari ikaendelea.