Safari ya Msituni Huanza Sokoni Tabora

Familia inayopanga kulala msituni kwa mara ya kwanza karibu kila mara huanza na swali la wanyama: tutaona nini? Swali hilo ni la haki, lakini likitangulizwa huvuruga yote yanayofuata, kwa sababu humfanya baba atafute mahali pa mbali kuliko uwezo wake, humfanya mama afungashe haraka, na watoto hufika wamechoka kabla hawajaona lolote. Msitu wa miombo unaoizunguka Tabora haukupi makundi makubwa ya nyumbu kwenye uwanda ulio wazi. Unakupa mitundu na mininga, mizinga iliyotundikwa juu ya matawi, ndege wengi, na ukifika Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyotangazwa mwaka 2019, unakupa viboko, mamba, na kwa mwenye subira, palahala na korongo. Mambo hayo huonekana na mtu aliyetulia mahali pamoja, ameshiba na hana kiu. Ndiyo maana nasema kwamba safari ya kwanza ya familia, ile ya kujipikia wenyewe, ipangwe kwa maji na chungu, na wanyama waje baadaye. Watu wa Tabora hawahitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi, kwa kuwa mji wao wenyewe ulikua juu ya hesabu hiyo.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita hapa Unyanyembe, na ukubwa wa mji ulitokana na hitaji moja la wazi: msafara uliotoka pwani ulikuwa umemaliza akiba na nguvu, ukahitaji mahali pa kununua nafaka, kuajiri wapagazi wapya na kupumzika. Wapelelezi Burton na Speke walianza safari pwani mwezi wa Juni 1857 wakafika hapa Novemba. Mpelelezi Stanley mwaka 1871 alitumia kama miezi mitatu katika njia hiyo hiyo, na jambo moja alilofanya tofauti lilikuwa kuwagawa watu wake 192 katika misafara mitano iliyotangulizana, ili isishindanie maji na chakula katika vijiji vile vile. Haimaanishi kwamba alikuwa kiongozi mwema, kwa maana alitumia mjeledi, na wapagazi waliugua na kufa njiani. Lakini mgawanyo ule ulikuwa wa busara, na haukuwa uvumbuzi wake. Wanyamwezi waliokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu tangu zamani walijua kwamba umbali peke yake hauui safari. Kinachoiua ni umbali kati ya maji na maji. Sehemu iliyoogopwa kuliko zote ilikuwa Mgunda Mkali, pori lililo kati ya Ugogo na Unyamwezi, ambako vijiji vilikuwa vichache na visima vichache zaidi. Hapo walitumia mbinu ya kuterekeza: watu walipika na kunywa mchana, wakajaza vibuyu, wakaondoka jua likipungua ukali, wakalala njiani pasipo maji na kuyafikia kesho yake asubuhi. Siku nyingine zote waliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali, wakiwa wametembea kilomita kumi na kitu tu. Mwendo mfupi wa asubuhi ulikuwa kanuni ya kazi, na watu wenye nguvu kutushinda ndio walioishika.

Ushahidi wa pili ni wa mpelelezi David Livingstone, na unagusa makosa ambayo familia za leo huyafanya hasa. Mwanzoni mwa 1867, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, alipoteza sanduku lake la dawa baada ya wabebaji wawili kutoroka nalo. Dawa zote zilikuwa katika mzigo mmoja, na mwili wake haukupona sawasawa tena. Mwaka 1871 alirudi Ujiji akitegemea bidhaa alizotumiwa na zilizohifadhiwa huko, akakuta zimekwisha kuuzwa. Hapo ndipo Stanley alipomkuta amedhoofika, na wote wawili wakaja pamoja hadi Kwihara, katika tembe ambalo leo ni makumbusho, kilomita chache tu kusini mwa mji. Stanley alipoondoka kwenda pwani Machi 1872, Livingstone alikaa pale mpaka Agosti akisubiri watu na vifaa, akakataa kuondoka bila hivyo. Funzo kwa familia ni la kawaida kabisa: dawa zigawanywe katika mikoba miwili, wala isitegemewe ahadi kwamba vitu vitapatikana mbele. Duka la kijiji cha mwisho kabla ya hifadhi linaweza kuwa limefungwa, na lango la hifadhi haliuzi mkaa wala chumvi.

Basi hesabu ya kwanza ni maji. Mtu mmoja katika joto la Tabora anahitaji kama lita tano kwa siku za kunywa na kupikia, ukiacha za kuoga. Familia ya watu watano itatumia lita 25 kwa siku, yaani lita 75 kwa siku tatu, na hayo ni madumu manne ya lita 20 yaliyojaa, la nne likibakiwa na lita tano tu za akiba. Ukiyaweka madumu hayo ndani ya gari utaona nafasi iliyobaki, na nafasi hiyo ndiyo itakayokuambia kama mnaweza kubeba viti sita na meza ya kukunja. Wengi hufungasha kinyume: vitu vya starehe kwanza, maji mwishoni. Mto usihesabiwe kama chanzo cha maji. Ugalla una mamba, na mtoto hapelekwi ukingoni na ndoo hata mchana. Kwa sababu hiyo hiyo hema lisipigwe kwenye vijia vilivyolainika vinavyotoka mtoni, kwa maana ndizo njia za viboko, nao hutoka usiku kwenda kula majani. Chagueni kambi moja mliyoelekezwa na askari wa hifadhi, mlale hapo siku mbili au tatu. Familia inayohama kila siku hutumia saa zake za asubuhi kufungua na kufunga kamba.

Chakula ndicho kinachonifurahisha zaidi katika jambo hili, kwa kuwa Unyamwezi ni nchi iliyotengeneza chakula cha safari muda mrefu kabla ya makopo. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kukaushwa juani. Matobolwa ni vile vilivyochemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kuanikwa. Vyote viwili havihitaji barafu, haviozi upesi, na uzito wake ni mdogo kwa shibe yake. Michembe huoshwa, huachwa ndani ya maji kidogo, kisha huchemshwa kwa moto wa wastani mpaka ilainike. Ukimwagia karanga zilizotwangwa katika dakika za mwisho, mchuzi huwa mzito na watoto hula bila kubembelezwa. Nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, hupikwa na karanga vivyo hivyo. Dagaa wa Kigoma na migebuka iliyokaushwa hufika sokoni Tabora kwa reli na kwa magari, mchele hupatikana, asali ya miombo inauzwa karibu kila kona. Wapagazi walipimiwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku, nao walijua hasa kitawafikisha wapi. Nawashauri wazazi wafuate kipimo hicho cha akili: tumieni kikombe kile kile mnachopimia mchele nyumbani, fungeni kila mlo katika mfuko wake, andikeni juu yake siku na saa. Usiku wa kwanza mle chakula kilichopikwa nyumbani, kwa sababu hakuna anayepika vizuri huku akipiga hema gizani. Nyama mbichi iacheni, isipokuwa ya siku ya kwanza. Harufu yake huita fisi, na ikiharibika mtakuwa mmepoteza mlo na amani ya tumbo kwa pamoja.

Hapa akina mama wengi watauliza, na wana haki ya kuuliza: hiyo ni likizo ya nani? Kama nitapika, nitaosha vyombo na kuchunga watoto, nimehamisha jiko tu kutoka mjini kwenda porini. Pingamizi hili lina nguvu kuliko mengine yote, na familia isiyolijibu kabla ya kuondoka ni heri ikodi chumba chenye mpishi. Lakini tazameni namna kambi za misafara zilivyoendeshwa. Wapagazi waligawanyika katika vikundi vidogo vilivyokula chungu kimoja, na ndani ya kila kikundi mmoja alileta maji, mwingine kuni, mwingine akakoroga. Wanawake na watoto walikuwamo katika misafara mingi ya Wanyamwezi, wakibeba vyungu na nafaka, lakini wanaume walijipikia bila kuona haya, na hakuna aliyewaona wamepungua kwa hilo. Basi gawaneni kazi mezani nyumbani, siku mbili kabla ya safari. Baba ashike jioni ya kwanza na ya pili. Mtoto wa miaka kumi anaweza kupimia mchele na kuchambua dagaa. Mdogo zaidi anaweza kusimamia tochi na viberiti visilowe. Kama baba hajawahi kusonga ugali, ajifunze wiki ile kabla ya kuondoka, maana porini hakuna jirani wa kumwokoa.

Wapo pia watakaosema kwamba njia hii ilikuwa ya mateso, na haifai kuigeuza kuwa mfano wa likizo. Ni kweli kwamba watumwa walipitishwa humo, na hakuna mpango mzuri wa vyakula unaofuta hilo. Lakini ni kweli vilevile kwamba wapagazi wengi wa njia ya kati walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, waliogoma walipopunjwa posho, na waliojua misitu hii kuliko mgeni yeyote aliyeandika kitabu juu yake. Kuwaficha watoto ujuzi wao kwa sababu ya uovu wa biashara ile ni kuwadhulumu wapagazi mara ya pili. Pitieni Kwihara kabla ya kwenda msituni, watoto waelezwe yote mawili, kisha mwendelee.

Kuhusu moto, msimamo wangu ni mkali. Tabora ni mkoa mkubwa wa tumbaku, na majani ya tumbaku yamekaushwa kwa kuni za miombo kwa vizazi sasa. Familia haina sababu ya kuongeza shoka lake. Bebeni mtungi wa gesi wa kilo sita, usimame wima garini, mbali na mizigo yenye ncha. Mkiruhusiwa kuwasha moto wa jioni, uwe mdogo, mahali palipofagiliwa majani pande zote, uzimwe kwa maji na kukorogwa kabla ya kulala, maana kuanzia Julai nyasi zimekauka na moto wa nyika hausubiri mtu. Msilale chini ya mti wenye mzinga, wala watoto wasiurushie mawe: ni mali ya mtu, na nyuki wa huku ni wakali. Kibali nacho kiombwe mapema, kwa TANAPA kama ni hifadhi ya taifa, kwa Wakala wa Huduma za Misitu kama ni msitu wa hifadhi wa serikali, au kwa serikali ya kijiji kama msitu ni wake. Malipo ya hifadhi hufanywa kwa kadi au namba ya malipo, wala si kwa noti langoni, kwa hiyo yamalizeni mjini ambako mtandao haukatiki ovyo.

Majira yenyewe yanahitaji kuchagua. Septemba na Oktoba miombo hutoa majani mapya mekundu kabla ya mvua, nami sijui pori lingine lenye uzuri huo. Lakini joto ni kali. Novemba hadi Aprili njia nyingi za ndani hugeuka tope. Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya familia inayoanza: anga kavu, likizo ya shule ya katikati ya mwaka, na usiku wa baridi unaohitaji mablanketi kuliko watu wa pwani wanavyodhani.

Linabaki jambo la mbung'o, ambalo wengi hulitumia kama sababu ya kutokwenda kabisa. Hofu hiyo haikutoka hewani: miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ilihamisha watu wa vijiji vya magharibi mwa Tanganyika kwa ajili ya malale yanayoenezwa na mdudu huyu. Lakini mbung'o ana tabia zinazojulikana. Huvutwa na nguo za buluu na nyeusi na hufuata gari linalotembea. Huuma mchana, na usiku humwachia nafasi mbu. Vaeni kaki au rangi ya udongo, mikono mirefu, madirisha yafungwe gari likipita vichakani, na kila kitanda kiwe na chandarua chenye dawa. Mkirudi, mtu yeyote akipata homa ndani ya wiki chache, au akiona kidonda kilichovimba mahali alipoumwa, aende hospitali kabla ya kununua dawa dukani, na amwambie daktari bila kuulizwa kwamba alilala porini Ugalla, ili damu yake ipimwe malaria na malale pamoja.