Fundo la Ulimi Halifunguliwi kwa Bakora

Wahenga walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ni kweli, lakini wako watoto waliolelewa vyema, wakapelekwa chuoni na shuleni, na bado maneno hayawakai. Nimeyaona hayo Njoro, kule Nakuru, na nayaandika, msomaji mpenzi, kwa kuwa mimi pia nilikosea.

Binti yangu ameolewa Njoro, mji wa baridi wenye Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza kama shule ya ukulima mwaka 1939. Huko utasikia Kikuyu sokoni, Kikalenjini njiani, na Kiswahili kikiwaunganisha wote. Nyumbani kwa binti yangu kilikuwa Kimvita kitupu. Shuleni ni Kiingereza tangu kengele ya asubuhi.

Mjukuu wangu ana miaka 8. Siku niliyofika nilimwambia: "Mwanangu, nenda chumbani uniletee kofia iliyo kitandani, kisha umwambie mamako anipe kahawa." Akaenda, akarudi na kofia, akasimama akinitazama. Nikamkaripia, nikidhani ni ujeuri. Kumbe hana ujeuri hata chembe. Masikio yake yalipimwa hospitalini, ni mazima. Akili anayo. Maneno ndiyo yanayompita: ukimpa matatu kwa pamoja, hushika moja. Akitaka kijiko husema "kile cha kulia".

Shuleni walimwambia mamake kwamba lugha nyingi ndizo zinazomchanganya, basi waache Kiswahili nyumbani. Binti yangu akatii. Lakini Kiingereza chake ni cha vitabuni na ofisini, si cha hadithi wala cha kubembeleza. Nyumba ikawa ya amri tupu: kula, lala, njoo. Bibi yake akipiga simu kutoka Mombasa, mtoto hana la kumjibu. Miezi ikapita, Kiingereza hakikuongezeka, na Kiswahili kikapungua.

Mwishowe wakampeleka katika kituo cha kupima watoto. Vituo hivi vilianza nchini Kenya mwaka 1984, na mwaka 1986 ikaundwa Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, iliyoko Kasarani, Nairobi, kufunza walimu wa kazi hiyo. Mpimaji alimwuliza mtoto kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Hapo ndipo penye siri. Mtoto aliyeishika barabara lugha ya kwao na kukwama katika Kiingereza tu, huyo hana ila, bado anajifunza. Bali mwenye tatizo la ukuaji wa lugha hukwama katika kila lugha aliyo nayo. Wetu alikwama katika zote mbili.

Maana yake ni kuwa lugha mbili hazikumletea tatizo hilo, wala kumnyang'anya moja hakumponyi. Uchunguzi uliofanywa Uingereza ulionyesha kuwa hali hii huwapata kama watoto 2 katika darasa la watoto 30. Na hapa Kenya, tangu Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, shauri limekuwa kwamba madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya mahali mtoto aishipo, na penye mchanganyiko wa watu, Kiswahili. Lakini wazazi wengi twatoa karo nzito ili shauri hilo lisifuatwe.

Dawa yake si ya chupa. Mpe neno moja, lishike, ndipo umpe la pili. Mwonyeshe kwa mkono. Mpe nafasi ya kujibu, usimmalizie. Mwalimu amkalishe mbele, na amwambie mzazi mapema maneno ya somo la wiki, ili mtoto ayasikie kwanza nyumbani kwa lugha aliyoizoea. Kiswahili kimerudi katika nyumba ile, na bibi anapiga simu kila jioni.

Hayo yalinikumbusha chuo nilichosoma utotoni. Palikuwa na mwenzetu ambaye aya hazikumkaa. Bakora alizila yeye kuliko sote, nasi tukimcheka na kumwita gogo. Aliondoka hajahitimu. Leo najiuliza kama tulimwonea, na sina pa kumwomba radhi.

Nasi tusomao Surat Taha twajua ya Nabii Musa, alayhi ssalaam. Alimwomba Mola amfungulie fundo la ulimi wake, na akamwomba nduguye Harun awe msaidizi wake. Mola hakumwambia anyamaze, alimpa alichoomba. Kila mtoto wa aina hii anahitaji Harun wake, naye ni mzazi, mwalimu au ustadhi.

Usiku wa kuamkia safari yangu nilimwambia mjukuu wangu: "Kitendawili!" Akajibu: "Tega." Nikamtegea: "Nyumba yangu haina mlango." Akanyamaza kitambo kirefu. Nilitaka kumwambia jawabu, nikauma ulimi. Akaviringa vidole vyake, akasema: "Kile cha kuku." Akafikiri tena. "Yai!"

Nikampa mji wa Mombasa wote.