Twende Tukatembee. Wapi?

"Baba, leo tusiende kukaa baa. Twende tukatembee tu," nilimwambia mume wangu Jumamosi moja. Akaniangalia, akauliza neno moja: "Wapi?"

Jamani, sikuwa na jibu. Dar es Salaam yote hii, mahali pa watu wawili kutembea saa nzima bila kukwepa bodaboda sikupaona. Coco Beach ni pa kukaa na kula mihogo. Daraja la Tanzanite watu wanalikimbilia asubuhi, kweli, lakini ukimaliza tu daraja umerudi kwenye magari. Njia ya waenda kwa miguu kando ya mabasi ya mwendokasi, Barabara ya Morogoro, ni nzuri mpaka ukutane na meza ya mitumba, au pikipiki ikupigie honi kana kwamba wewe ndiye umeingilia njia yake. Njia zetu zinaanza, zinakatika. Kwa hiyo maongezi yetu ya ndoa tunayafanyia kwenye foleni, au mezani, na bili inasubiri.

Ombi langu lile lilitoka Nairobi. Tulikwenda kwenye harusi, tukabakiwa na siku moja kabla ya basi la kurudi, wenyeji wetu wakatupeleka Karura. Ni msitu wa hekta elfu moja na ushee, katikati ya jiji, wenye zaidi ya kilomita 50 za njia za kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli. Njia moja inakukabidhi kwa nyingine. Kwenye makutano kuna nguzo yenye namba. Unaangalia ramani, unajua uko wapi, mnachagua pamoja pa kukata. Tulitembea saa tatu. Kwenye saa ya pili, macho yakiwa mbele njiani, mume wangu akaniambia kazini kwao wanapunguza watu, na kwamba alikuwa na habari hiyo moyoni kwa miezi miwili. Miezi miwili tunalala kitanda kimoja! Wanaume wengine, dada zangu, huongea wasipotazamwa usoni.

Niliporudi nikaanza kuuliza njia zile zimetoka wapi, maana serikali peke yake huwa haifiki huko. Miaka ya 1990 Karura ilikuwa inakatwa vipande na kugawiwa watu wa kujenga. Wangari Maathai na wenzake waliipinga, na Januari 1999 walipokwenda kupanda miti walishambuliwa, yeye akapasuliwa kichwa. Msitu ukabaki. Lakini hata baada ya hapo nani angethubutu kuingia? Ulijulikana kwa majambazi.

Kilichofungua mlango ni sheria ya misitu ya mwaka 2005, iliyoruhusu wananchi kuunda vyama vya kusimamia misitu pamoja na serikali. Ardhi ikabaki ya umma, chini ya Shirika la Misitu la Kenya, KFS. Chama cha Friends of Karura kikaingia kama mshirika. Makampuni na watu binafsi wakachangia uzio wa umeme. Vijana wa Huruma, kijiji cha mabanda kilichopakana na msitu, wakaajiriwa kuulinda, na kiingilio cha getini kikasaidia kuwalipa na kutunza njia. Mimi uzio na kiingilio vilinikera mwanzoni. Kutembea nako kulipiwe? Nilipomwona msichana anakimbia peke yake, ana vipokea sauti masikioni, hana habari na mtu, nikanyamaza.

Ila ushirika huu, kama ndoa zetu, umegombania akaunti. Agosti 2025 KFS iliagiza malipo yote ya kiingilio yapitie mfumo wa serikali wa eCitizen. Chama kikapinga, kikihofia mishahara ya walinzi na matunzo ya msitu, na suala likafika mahakamani. Serikali ina haki ya kudai hesabu, msitu ni wa wote. Lakini hela ya getini nataka niione njiani: kwenye daraja la mbao lililotengenezwa, kwa mlinzi aliyelipwa mwezi huu.

Ninayasema haya kwa sababu na sisi tuna nafasi. Mradi wa bonde la Msimbazi, uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2022, una mpango wa bustani ya jiji Jangwani, pale tulipozoea kuona mafuriko tu. Mto ule unaingia baharini Selander, jirani kabisa na Tanzanite. Hebu fikiria njia moja ya miguu inayofuata mto kutoka Jangwani mpaka baharini, bila kukatika. Kujenga, wataalamu wapo. Ninachotaka kujua mapema ni nani atafagia, nani atalinda saa kumi na mbili jioni, na mfuko wake utashikwa na nani, tena kwa maandishi, kabla ya mtu kukata utepe.

Jumamosi ile hatukwenda baa. Tulikwenda Tanzanite. Daraja lina kilomita moja na kidogo; tukafika mwisho, tukageuka, tukarudi. Mara nne. Barua ya kazini ilikuwa bado haijatoka, na tulikuwa na mengi ya kupanga.