Wenye Ziwa na Kiu Yao

Mgeni atelemkaye kutoka milima ya Bururi, akapita katikati ya michikichi mpaka Rumonge, nchini Burundi, na kuliona Ziwa Tanganyika limejitandaza mbele yake hadi milima ya Kongo ng'ambo, hudhani kwamba amefika katika nchi isiyojua kiu. Lakini akikaa siku chache wakati wa kiangazi, tangu Juni hadi Septemba, mvua zinapokatika na vijito vya milimani vinapodhoofika, atawaona wanawake na watoto wamepanga madumu yao penye bomba, ilhali ziwa lenye kina cha mita 1,470 liko hatua chache tu nyuma ya migongo yao.

Si kwamba watu hao wanalidharau ziwa. Ufuko mmoja ndio wa kuogea, wa kufulia, wa kuoshea vyombo na wa kuegeshea mitumbwi, na uchunguzi wa waganga uliochapishwa mwaka 1997 juu ya kipindupindu cha Rumonge ulionyesha kwamba kuoga ziwani na kunywa maji yake ndiko kulikowatia watu katika hatari. Tangu hapo wameonywa mara nyingi. Na mtu aliyeonywa asipewe bomba lililo karibu amepewa nusu ya dawa.

Heshima ya maji nayo wanayo: miongoni mwa Waswahili wa Rumonge, waliochanganyika tangu zamani na Warundi na Wabembe, mtoto hufunzwa akiwa mdogo kwamba israfu ya maji ni karaha hata kwa mwenye kutawadha kando ya mto uendao. Lakini desturi inayonistaajabisha zaidi ni ya wavuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa hilo. Uvuvi wao ni wa usiku, kwa taa, na kwa kuwa taa haina nguvu ya kuwavuta samaki mbele ya mbalamwezi, kila mwezi unapokuwa mpevu vyombo hupandishwa pwani, nyavu hushonwa, hesabu za mwenye chombo na mabaharia wake hufanywa, na ziwa hupumua. Wala haikuhitajika sheria kuwafunza hivyo. Mwezi wenyewe ndio kadhi wao.

Sheria zipo, tena njema. Mwaka 2003 Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mapatano ya kulihifadhi ziwa lao, na sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 iliweka mita 150 kutoka ukingoni kuwa eneo lisilojengwa. Hata hivyo nyumba zilisimama humo, na maji yalipopanda, hata mwaka 2024 yakaingia vyumbani na mashambani pwani yote tangu Gatumba kaskazini, watu wengi walihama. Lakini ziwa lilikwisha kupanda namna hiyo katika miaka ya sitini, na wazee walioyaona maji ya wakati ule walijua mahali yalipofika. Naona lilikuwa kosa kubwa kupima mita hizo kwa kamba pasipo kwanza kuwauliza wao.

Kuwashirikisha wenyeji katika mambo ya maji si jambo geni: katika nchi kame ya Oman, ambako mifereji ya aflaji huyaleta maji kutoka chini ya milima, wenyeji wenyewe humteua wakili wa kuisimamia na arifu wa kugawa zamu, na maji hupita kwanza pa kunywea kabla ya kufika mitendeni. Mitano kati ya mifereji hiyo UNESCO iliitia katika urithi wa dunia mwaka 2006. Rumonge nayo haikukosa mizizi ya jambo hilo: vilimani mabomba huwa na kamati za watumiaji, na Bashingantahe, wazee wa insafu wa Kirundi, wamezoea kuamua magomvi ya majirani kwa kusikiliza pande zote kabla ya kutamka neno. Kilichopungua ni kumsikiliza abebaye dumu, ambaye aghalabu ni mwanamke, kabla ya mafundi kuamua bomba lisimame wapi na maji yafunguliwe saa ngapi.

Ningekuwa na mamlaka ya kuitisha baraza la maji hapo Rumonge, ningeliitisha wakati wa mwezi mpevu, wavuvi wakiwa pwani na nyavu zao magotini, tena alasiri, baada ya madumu ya asubuhi kwisha kujazwa na kabla ya foleni ya jioni, ili mama mwenye dumu apate kuketi kitako na kusema.